Safari ya mtoto nje ya nchi huanzia kliniki

Likizo ndefu ikikaribia, maandalizi ya familia inayosafiri nje ya nchi hufanana karibu kila nyumba. Pasipoti za watoto zinafuatiliwa Uhamiaji, tiketi zinatafutwa, zawadi za shangazi na babu zinanunuliwa, masweta yanajaribishwa. Chanjo hukumbukwa mwishoni kabisa, mara nyingi siku ile mtu aliyewahi kusafiri anapouliza: "Kadi za njano mnazo?"

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji wetu wa Mwanza, mama wa watoto wawili. Alikuwa anajiandaa kwenda Kampala kwa basi, kupitia Mutukula, kwenye harusi ya mdogo wake wa kiume. Mtoto mkubwa ana miaka minne. Mdogo ana miezi saba na bado ananyonya. Safari ilikuwa baada ya siku nane.

Ameambiwa kuna mtu anauza kadi za njano zilizokwishagongwa muhuri, unaandikiwa jina tu, hakuna sindano. Swali lake lilikuwa moja: je, kadi hiyo itapita mpakani?

Nilimjibu siku hiyohiyo kwamba asiinunue, hata kama itapita. Leo nataka kueleza kwa nini, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wazazi wengi tunaiona kadi ya njano kama risiti ya kumwonyesha ofisa mpakani. Tukiiona hivyo, haishangazi mtu akitafuta risiti bila kununua kitu.

Kinachozuiliwa pale mpakani

Kadi ya njano ni Cheti cha Kimataifa cha Chanjo. Ugonjwa unaoulizwa zaidi katika kadi hiyo ni homa ya manjano, inayosababishwa na virusi na kuenezwa na mbu. Huanza kama homa nyingi tunazozijua: mwili kuwaka, kichwa, maumivu ya mgongo, kichefuchefu na kutapika. Wengi hupona. Lakini baadhi hurudiwa na homa kali zaidi, macho na ngozi vinageuka manjano, ini na figo vinashindwa kazi, na damu huweza kutoka mdomoni au puani. Katika wanaofikia hatua hiyo, karibu nusu hufariki dunia ndani ya siku 7 hadi 10. Hakuna dawa inayoua virusi vyenyewe. Hospitali humsaidia mgonjwa asipungukiwe maji na viungo vyake visishindwe. Chanjo ipo, na ni nzuri.

Mbu anayehusika mijini ni Aedes aegypti, yuleyule anayeeneza homa ya dengue. Wakazi wa Dar es Salaam wanamjua vizuri, walikutana naye mwaka 2014 na tena 2019. Anazaliana kwenye ndoo, matairi na makopo yanayoshika maji, na anauma mchana.

Tanzania haipo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya nchi zenye hatari ya maambukizi ya homa ya manjano. Majirani zetu Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo wamo. Kwa sababu hiyo chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya watoto wetu, na wengi wetu hatuna kinga yake. Maana yake ni kwamba mbu tunaye, watu wasio na kinga tunao, kinachokosekana ni virusi. Virusi havina miguu wala mabawa ya kuvuka mpaka. Huletwa na msafiri.

Hilo limewahi kuonekana. Mlipuko ulioanza Luanda, Angola, mwishoni mwa mwaka 2015 ulisambaa hadi Congo, na Kenya ilipata wagonjwa wawili waliotoka Angola. Wafanyakazi waliorejea China wakitokea Angola walirudi na ugonjwa huo, wagonjwa 11. Ilikuwa mara ya kwanza kwa homa ya manjano kuthibitishwa barani Asia.

Mzazi, ukinunua muhuri bila sindano, ofisa uliyempita hajapoteza kitu. Aliyebaki bila kinga ni mwanao. Na akirudi na virusi, wa kwanza kuumwa na mbu aliyemuuma yeye ni wa nyumba yako na jirani yako.

Siku 10 ambazo hazibembelezeki

Cheti cha homa ya manjano hakianzi kufanya kazi siku ya sindano. Kinaanza siku 10 baada ya chanjo. Hilo linatokana na mwili wenyewe, kwa kuwa kinga inahitaji muda kutengenezwa. Kati ya watu 100 waliochanjwa, 80 hadi 100 huwa na kinga ya kutosha zikitimia siku 10, na ndani ya siku 30 karibu wote wanakuwa nayo.

Habari njema ni kwamba dozi moja inatosha maisha yote. Tangu Julai 11, 2016, cheti hiki hakina mwisho, hata kile cha zamani kilichoandikwa kuwa ni cha miaka 10. Kama ulichanjwa mwaka 2009 na kadi yako ni nzima, huhitaji sindano nyingine. Mtoto atakayechanjwa leo atasafiri na kadi hiyohiyo akiwa babu.

Ndiyo maana tatizo la mama wa Mwanza lilikuwa kalenda kuliko fedha. Uganda inataka cheti kwa kila msafiri mwenye umri wa mwaka 1 na kuendelea. Tanzania nayo inakitaka kwa anayeingia akitokea nchi zenye hatari, kuanzia umri huohuo. Kwa hiyo yeye na mtoto wa miaka minne walihitaji kuchanjwa, kwenda na kurudi. Siku nane hazitoshi.

Wapo waliovuka bila kuulizwa, na huenda hata wewe unamjua mmoja. Lakini msafiri asiye na cheti anaweza kuzuiwa kuingia, au kuwekwa chini ya uangalizi kwa muda usiozidi siku 6, ambao ndio muda wa ugonjwa kujionyesha. Siku sita mpakani na mtoto anayenyonya si jambo la kubahatisha.

Alichagua kusogeza safari kwa siku tatu. Yeye na mkubwa walichanjwa kesho yake. Sherehe za mwanzo ataziangalia kwenye simu, ndoa ataiwahi.

Mtoto mchanga je?

Swali la mtoto wa miezi saba ni gumu zaidi. Chanjo ya homa ya manjano hutolewa kwa kawaida kuanzia miezi 9. Chini ya miezi 6 haitolewi kabisa, kwa kuwa inaweza kumletea mtoto madhara kwenye ubongo. Kati ya miezi 6 na 8 hutolewa pale tu kuna mlipuko au hatari kubwa, na uamuzi huo ni wa daktari.

Umri wa kudaiwa cheti nao hutofautiana. Uganda ni mwaka 1. Congo na Ghana ni kuanzia miezi 9. Usichukue jibu la nchi moja ukalipeleka nyingine.

Kwa mtoto aliye chini ya umri huo, kinga yake ni kutoumwa na mbu. Chandarua kitumike hata akilala mchana, avae nguo za mikono mirefu, na maji yaliyotuama nyumbani mnakofikia yamwagwe. Kama safari si ya lazima na nchi ina mlipuko, mtoto huyo abaki, au safari isubiri.

Mama anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 9, na mama mjamzito, aseme hivyo kabla ya kuchomwa sindano. Atapimiwa uzito wa hatari zote mbili, ya chanjo na ya kusafiri bila chanjo. Wengine wanaopaswa kusema mapema ni wenye mzio mkali wa mayai, wanaotumia dawa zinazoshusha kinga, wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka sana, na wenye umri wa miaka 60 na zaidi ambao hawajawahi kuichanja. Daktari akiona chanjo haikufai, anaweza kukuandikia barua ya kukuondoa katika sharti hilo. Nchi unayokwenda ndiyo itaamua kuipokea au la, hivyo uliza kabla ya kukata tiketi.

Kadi ikaguliwe kabla ya kutoka mlangoni

Kuna familia zilizochanjwa kihalali na bado zikasumbuliwa kwa sababu ya karatasi. Ukikabidhiwa kadi, usiikunje na kuondoka. Simama pale kituoni uangalie mambo haya:

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama pasipoti ni "Mohamed", kadi isiwe "Muhammad".

Kila mtoto awe na kadi yake. Mtoto haandikwi kwenye kadi ya mama. Asiyejua kuandika, mzazi au mlezi anamwekea saini.

Tarehe ya chanjo, namba ya toleo la chanjo, saini ya mkono ya mtoa huduma na muhuri wa kituo vyote viwepo.

Kadi ijazwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na isiwe na mafuto. Maandishi yaliyokatwa na kurekebishwa yanaweza kuifanya ikataliwe. Ikikosewa, omba nyingine.

Chanjo hii hutolewa katika vituo vilivyoidhinishwa na Wizara ya Afya, ambavyo huhusisha ofisi za afya za viwanja vya ndege, bandari na mipaka. Zahanati ya mtaa wako huenda haina, lakini muuguzi wa pale atakuelekeza.

Safari ya Hija

Kwa wanaokwenda Hija, sindano inayodaiwa ni ya homa ya uti wa mgongo, ile inayokinga aina nne za vimelea: A, C, W na Y. Sharti hili limezaliwa na misiba. Mwaka 1987 mlipuko wa aina A uliwapata mahujaji na kusambaa walikorudi. Mwaka 2000 na 2001 ukatokea wa aina W, na wagonjwa wakaonekana hata katika nchi za mbali, wakiwemo ndugu wa mahujaji ambao hawakukanyaga Makka.

Ugonjwa huu huenea kwa mate na pumzi za karibu, na mahali penye mamilioni ya watu bega kwa bega unapata njia. Saudi Arabia inataka chanjo iwe imetolewa angalau siku 10 kabla ya kufika, kwa wote kuanzia mwaka 1. Kutegemea aina ya chanjo uliyopewa, cheti hudumu miaka 3 au 5. Uliza ni ipi na iandikwe. Aliyekwenda miaka sita iliyopita asidhani kadi ile inaendelea.

Masharti ya Hija na umra hutangazwa upya na kubadilika, na kwa baadhi ya nchi huongezwa polio. Ambaye anawapeleka wazazi wake wazee ayathibitishe kwa anayeratibu safari mapema, na aulize pia chanjo ya mafua, ambayo hushauriwa kwa wazee na wenye kisukari, pumu au matatizo ya moyo.

Ulaya na Marekani: kadi ya kliniki ndiyo inayotafutwa

Wazazi wanaohamia Ulaya au Marekani kwa masomo au kazi mara nyingi hudhani kule hakuna magonjwa, kwa hiyo hakuna cha kuchanja. Surua inawakatalia. Marekani ilitangaza kuimaliza mwaka 2000, lakini mwaka 2025 ilipata wagonjwa zaidi ya 1,000, mlipuko mkubwa ukianzia Texas, ambako watoto wawili ambao hawakuwa wamechanjwa walifariki.

Virusi vya surua hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Katika watu 10 wasio na kinga waliokaa naye karibu, 9 huambukizwa. Fikiria foleni ya uwanja wa ndege.

Watoto wetu hupata chanjo ya surua na rubella wakiwa na miezi 9 na miezi 18. Ile ya miezi 18 ndiyo wazazi wengi huisahau, kwa sababu mtoto keshaanza kukimbia na kliniki imekwisha mazoea. Kama mwanao aliikosa, safari hii iwe sababu ya kuikamilisha. Na kama mtoto ana miezi 6 hadi 8 na mnakwenda mahali penye mlipuko, muulize mtaalamu kuhusu dozi ya mapema. Akipewa, hiyo haihesabiwi. Ya miezi 9 na ya miezi 18 atazipata kama kawaida.

Kisha kuna shule. Majimbo yote ya Marekani yana sheria za chanjo kwa mwanafunzi anayeandikishwa, na anayeomba ukazi wa kudumu hukaguliwa chanjo wakati wa vipimo vya afya. Kadi ya kliniki iliyoloa mvua na kufutika tarehe itamfanya mtoto arudiwe sindano alizokwishapata. Ipige picha leo, kurasa zote. Kabla ya kusafiri, omba kituo kikuandikie kwa Kiingereza orodha ya chanjo na tarehe zake, na kuigonga muhuri. Usishangae mkifika akaongezewa nyingine: chanjo za matumbwitumbwi na tetekuwanga hazimo katika ratiba yetu, kule hudaiwa sana.

Hata polio bado inasafiri. Virusi asilia vimebaki Pakistan na Afghanistan, lakini mwaka 2022 Malawi na Msumbiji, majirani zetu, zilitangaza wagonjwa, na uchunguzi ukaonyesha virusi hivyo vina asili ya Pakistan. Ndiyo maana watoto wa kwetu walipewa matone nyumba kwa nyumba mwaka ule. Mtoto asafiri akiwa amekamilisha dozi zake.

Wajukuu wanaokuja kusalimia

Ninajua ukurasa huu unasomwa pia na ndugu zetu wa Uingereza, Oman na kwingine, wanaoleta watoto kuwaona bibi na babu. Msiseme "tunakwenda nyumbani" mkaacha kumwona daktari. Mtoto aliyezaliwa huko hana kinga ya malaria ambayo mwili hujijengea kwa kuishi nayo, na hata wewe uliyekulia Tanga, baada ya miaka mingi ugenini, yako imepungua. Ulizeni dawa za kuzuia malaria, chanjo ya homa ya matumbo na ya homa ya ini aina A. Mtoto atakayekwenda kijijini kuchezea mbwa afundishwe kusema akiumwa hata mkwaruzo. Kidonda kioshwe kwa maji na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Hesabu kutoka siku ya safari kurudi nyuma

Wiki 6 hadi 8 kabla: chukua kadi za kliniki za watoto wote na cheti chako, nenda kituoni. Taja kila nchi mtakayopita, hata ya kuunganisha ndege. Nchi nyingi huhesabu kusubiri kwa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye hatari kama kuwahi kuwa huko.

Wiki 4 kabla: chanjo ziwe zimeanza. Kumbuka chanjo ya surua na ya homa ya manjano hutolewa siku moja, au zipishane angalau wiki 4. Aliyepata moja Jumatatu hawezi kurudi Ijumaa kwa nyingine. Hiki ndicho kikwazo kinachowakuta wengi waliochelewa.

Siku 10 kabla: huu ndio mwisho wa homa ya manjano na uti wa mgongo.

Siku ya kuondoka: kadi ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na pasipoti. Sanduku linaweza kupotea, na kadi ya zamani huenda ikahitaji safari nyingine ya ofisini kuipata upya.

Mkirudi, mtoto akipata homa ndani ya wiki chache, mwambie daktari mlikotoka kabla hajakuuliza. Sentensi hiyo moja inaweza kumwelekeza kwenye kipimo sahihi siku ya kwanza.

Kama safari yenu ni Desemba, leo jioni toa kadi ya kliniki ya mwanao kwenye droo, iangalie ukurasa wa chanjo. Palipo wazi ndipo pa kuanzia.